Makali

Mtu wa Kikole, huko Kilwa, akiambiwa kwamba Bara Hindi kuna mungu wa kike aitwaye Kali, hatauliza maana ya jina hilo. Anaijua. Ameijua tangu alipokatazwa kucheza juani saa saba za mchana, tangu aliposhikwa na homa usiku, tangu alipobanwa pua akanyweshwa mwarobaini. Jua kali, homa kali, dawa kali. Na akiambiwa zaidi, kwamba mungu huyo ni mweusi, nywele kaziacha wazi, mkononi ana upanga na kichwa kilichokatwa, shingoni kidani cha vichwa, ulimi kautoa nje na mguu kauweka juu ya kifua cha mumewe Shiva aliyelala chini kama maiti, ataitikia kwa kichwa. Wamempa jina linalomfaa.

Hapo atakuwa amekosea, ingawa kosa lake lina manufaa kuliko masahihisho mengi. Jina la Kali kwa Kisanskriti limetokana na kala, neno lenye maana ya weusi na pia ya wakati: zama zinazomla kila aliyezaliwa ndani yake. Kali ni Mweusi, na ni Zama zilizovaa umbo la mwanamke. Kiswahili hakikuazima ukali wake huko. Hilo ni neno la Kibantu la asili, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za bara ambazo hazijapata kusikia habari za Kisanskriti. Maneno mawili yametoka pande mbili za bahari, yakakutana yamevaa nguo moja, na kila mmoja akadhani mwenzake ni wa ukoo wake. Wafasiri huyaogopa maneno ya namna hii kama nahodha anavyouogopa mwamba uliofunikwa na maji kidogo. Lakini ipo mara moja moja ambapo jahazi hupanda juu ya mwamba likaonekana vizuri zaidi.

Si kwamba wenye miungu hiyo ni wageni wa jana. Mabaniani wamekaa katika bandari za pwani hii kwa karne nyingi, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje haikuweza kutajwa bila wao. Mji huo ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ziwa Nyasa. Zilishuka pembe za ndovu, na wakashuka watumwa. Forodha za Seyyid Said zilikodiwa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, na mawakala wake walikaa bandari hadi bandari, daftari mkononi. Kilichobaki vinywani mwa watu juu ya majirani hao ni methali moja: Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Methali hiyo husemwa kwa kicheko. Aliyeitunga alimjua Baniani kuanzia kiatu hadi kilemba. Alijua mizani yake, riba yake, na namna alivyofunga mlango wa duka. Asichokijua ni kilichokuwako nyuma ya pazia, katika chumba cha ndani, mlimokuwa na taa ya samli. Wala si haki kumlaumu moja kwa moja. Ubaya wa Baniani haukuwa wa kubuniwa. Fedha za misafara zilitoka dukani kwake, na mwaka 1860 Rigby, Balozi wa Uingereza mjini Unguja, alipoanza kuwaacha huru watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa himaya ya Kiingereza, walihesabika kwa maelfu. Ni vigumu mtu kumwuliza mdai wake anamwomba nani usiku.

Angeliuliza, angelistaajabu. Mabaniani wengi wa pwani walikuwa wafuasi wa Krishna, watu wasiogusa nyama, samaki wala yai. Hata hivyo, desturi ya kwao ni kwamba kila ukoo una mungu wake wa kike, mlinzi wa nyumba. Kutch, aliye mashuhuri kuwapita wote ni Ashapura, mtimiza matumaini, ambaye hekalu lake liko katika kijiji cha Mata no Madh. Ndani hamna sanamu ya mwanamke mzuri aliyechongwa kwa mapambo. Mna jiwe kubwa lililopakwa rangi nyekundu, na juu yake jozi saba za macho. Tetemeko la mwaka 1819 liliharibu hekalu hilo, likajengwa. La mwaka 2001 likaliharibu tena, likatengenezwa. Aliyetweka tanga kutoka Mandvi kuja Kilwa aliyaacha nyuma yake macho kumi na manne yasiyofumba.

Kosa la kumsoma mungu wa watu kwa herufi za dini nyingine limefanywa zamani, na moja ya mifano yake mikubwa ilianzia pwani hii. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitaka kuingia Kilwa, upepo ukampitisha. Akafika Malindi, akakuta huko merikebu za Wahindi. Wareno wakawaonyesha picha ya Maria chini ya msalaba, amempakata mwanawe. Wahindi wakasujudu, na Wareno wakafurahi kwamba wamewapata Wakristo wenzao. Mwezi Mei, walipokuwa Calicut, wakaingizwa katika hekalu wakadhani ni kanisa, wakaomba mbele ya sanamu ndogo waliyoamini kuwa ni Bibi Maria. Mwandishi wa safari hiyo aliwaona watakatifu waliochorwa ukutani, wenye meno yaliyotokeza nje ya kinywa na mikono minne au mitano kila mmoja, akayaandika hayo katika habari zake kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza aina ya mlango. Wasafiri wale hucheka­wa hadi leo. Lakini wale Wahindi wa Malindi huenda hawakukosea kama wenyeji wao walivyokosea. Waliona mama amempakata aliyekufa, na picha kama hiyo walikuwa nayo kwao.

Karne tatu baadaye kosa liligeukia upande wa pili. Kwa maafisa wa Kiingereza, Kali akawa mungu wa wanyongaji. Katika miaka ya 1830, chini ya afisa aliyeitwa Sleeman, ulifanywa msako wa magenge ya majambazi waliosemekana kuwanyonga wasafiri kwa kitambaa kwa ajili ya mungu huyo, na mamia yao wakanyongwa kwa kamba ya serikali. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha ibada hiyo kilikuwa cha kweli, na ni kiasi gani kilitoka vinywani mwa washtakiwa waliotaka kuokoa shingo zao. Kwa watu wa Kilwa hiyo si hadithi ngeni. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo huko Ngarambe. Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Nandete, katika milima ya Umatumbi. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Katika macho ya watawala alikuwa mchawi tu, na aliyeshika kamba ndiye aliyeshika na kalamu.

Basi afadhali kumwendea mungu huyo kijijini kwake, mbali na daftari za maafisa. Tarapith iko katika wilaya ya Birbhum, Bengali Magharibi, kando ya mto Dwarka. Aliyemo hekaluni ni Tara. Katika miungu kumi ya kike ambayo wafuasi wa tantra huihesabu kuwa mikubwa, Kali ni wa kwanza na Tara ni wa pili. Sura zao zinakaribiana, weusi kwa weusi, ulimi kwa ulimi, na waumini huwaita wote wawili Mama pasipo kuona wametaja watu wawili. Jina la Tara ni nyota. Ni pia yule anayevusha, anayemchukua mtu ng'ambo moja hadi nyingine. Watu wa mashua hawahitaji kufafanuliwa kwa nini maana hizo mbili zimekaa katika neno moja.

Leo kijiji hicho kimejaa nyumba za wageni na wauza maua, kwani mahujaji ni wengi. Hekalu lililopo lilijengwa mwaka 1818, la matofali mekundu, na paa lake limepindwa kwa mfano wa paa la nyasi la nyumba ya mkulima wa Bengali. Mafundi wa huko walipotaka kumjengea mungu, walimjengea kibanda cha jirani kwa matofali. Mtu aliyelala maisha yake yote chini ya makuti atajiona amefika kwa watu. Kisha atageuka upande wa mto, aone uwanja wa kuchomea maiti chini ya miti, na wale wanaokaa humo miaka nenda miaka rudi, wamejipaka majivu, mafuvu yamepangwa kando yao.

Neno tantra lenyewe halitishi. Asili yake ni mtande, zile nyuzi ndefu ambazo mfumaji huzitandika kwanza kabla ya kupitisha mshindio. Kinachotisha ni kanuni yake: kisichogusika kiguswe, kwa nidhamu na mbele ya mwalimu, mpaka hofu ichoke. Katika njia iitwayo ya mkono wa kushoto kuna vitu vitano, na kwa Kisanskriti vyote vinaanza na herufi M: mvinyo, nyama, samaki, nafaka iliyokaangwa, na muungano wa mwanamume na mwanamke. Msomaji wa pwani atakwama kwenye samaki. Samaki naye kakosa nini? Lakini kwa yule asiyekula chenye uhai, kipande cha samaki ni mtihani sawa na kikombe cha mvinyo. Wabengali, ambao hata Mabrahmin wao hula samaki, humpelekea Tara samaki kama sadaka, na mbuzi hukatwa shingo kwa pigo moja mbele ya hekalu lake. Baniani wa Kilwa angeligeuza uso.

Habari za samaki zimo pia katika kisa cha bwawa la hapo. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara mmoja alifunga mashua yake mtoni, na maiti ya mwanawe imo ndani. Watumishi wake wakaenda bwawani kumwosha samaki waliyekwisha kumkata vipande kwa chakula cha jioni. Vipande vikaungana, samaki akapiga mkia akaenda zake. Wakakimbia kumleta mtoto. Bwawa hilo lipo, na watu huoga humo kabla ya kuingia kwa Mama. Kisa kina ladha ya kweli kwa sababu muujiza wake wa kwanza ulimwangukia samaki wa mchuzi, na waliouona ni wapishi.

Ndani ya hekalu, sura inayoonekana ni ya fedha: macho matatu, na kinywa kimepakwa rangi nyekundu. Hiyo ndiyo watu wanayojipanga kuiona. Lakini sura hiyo ni kifuniko. Nyuma yake kuna jiwe la kale, na ili kulielewa ni lazima kurudi baharini. Miungu na mashetani, yasema hadithi, waliisukasuka bahari ya maziwa ili wapate maji ya uhai, ikatoka sumu. Ingeliunguza ulimwengu wote. Shiva akainywa, ikamchoma koo, akaanguka. Tara ndiye aliyempakata, akamweka kifuani, akamnyonyesha mpaka moto ukapoa. Hilo ndilo jiwe la Tarapith: mama wa kutisha, na mapajani mwake mungu mkubwa amegeuka mtoto mchanga. Mtu hukaa kwenye msururu tangu alfajiri ili aone meno na damu, na chini ya meno na damu pana kunyonyesha.

Kijijini hapo aliishi Bamakhepa, yaani Bama Mwendawazimu, aliyezaliwa mwaka 1837 katika kijiji jirani cha Atla na kufa mwaka 1911. Alikaa uwanja wa maiti pamoja na mbwa, akala nao sahani moja. Siku moja, husimuliwa, alikitwaa chakula cha mungu akala kabla hakijatolewa sadaka. Makuhani wakampiga. Usiku ule Mama akamtokea ndotoni malkia wa Natore, mlezi wa hekalu, akamwambia kwamba amelala na njaa, kwa kuwa mwanawe amepigwa na hakula, na mama gani ataanza kula mwanawe hajala? Tangu hapo ikaamriwa Bama alishwe kwanza, mungu baadaye. Kisa hiki wanakielewa watu wote waliolelewa katika nyumba yenye sufuria moja. Hakuna aliyepata kumwona mama yake akijipakulia wa kwanza.

Mfasiri wa kumleta mama huyu katika Kiswahili aanzie wapi? Hekalu ni neno lililozoeleka kwa msaada wa Biblia, na hubeba ukubwa wa Yerusalemu hata linapotajwa kibanda cha kijijini. Sanamu limekwisha hukumiwa katika sikio la Muislamu kabla halijamaliza kutamkwa. Mzimu uko karibu zaidi, kwani mzimu una mahali pake, una mbuyu wake, ubani wake, kitambaa chake chekundu na cheupe. Lakini mzimu haukuumba mbingu, na Kali kwa wanaomwabudu ndiye asili ya mbingu. Mungu wa kike ni maelezo, si jina. Kiswahili husema "amekuja" pasipo kuuliza ni mume au mke, na kwa hiyo Mungu katika lugha hii hakupewa jinsia na sarufi. Ukisema mungu mke, umekwisha kumwoza. Wapo watakaosema suluhisho ni kuacha kabisa, maana mcha Mungu wa Kilwa ana haja gani na haya? Hana haja ya kuyaamini. Ila ameishi na jirani miaka mia mbili akakariri bei za duka lake tu, na hilo nalo ni deni.

Wabengali wenyewe walilimaliza tatizo hili zamani: humwita Ma. Ramprasad Sen, mshairi wa karne ya 18, alikuwa karani, na inasimuliwa kwamba alijaza nyimbo za Kali katika daftari la hesabu la tajiri wake. Tajiri alipolifungua hakumfukuza. Alimpa posho akamwambia arudi kwao akatunge. Katika nyimbo hizo Ramprasad hamtukuzi Mama kwa mbali. Humnung'unikia, humdai, humwambia kuwa amemsahau. Hakuna hofu ndani yake, na ukali wa Mama haukupunguzwa hata kidogo. Daftari la karani na daftari la wakala wa forodha zilikuwa na mistari ile ile.

Lipo jambo jingine ambalo washairi wa pwani watalipenda. Vichwa vilivyo katika kidani cha Kali vina hesabu maalumu, hamsini au hamsini na kimoja, na wenye elimu ya tantra husema kila kichwa ni herufi moja ya abjadi ya Kisanskriti. Amevaa lugha shingoni. Husema pia kwamba Shiva akiondolewa irabu ya i, ambayo ni Shakti, nguvu ya kike, hubaki shava, na shava ni maiti. Ndiyo sababu amelala chini ya miguu ya Kali: anangoja herufi. Mtu aliyenyweshwa kombe utotoni, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani zikaoshwa kwa maji, hatayaona haya kuwa mchezo. Anajua kwamba herufi huingia mwilini.

Na Kiswahili nacho kina herufi yake hapa. Mama mkali ni mtu: ndiye yule wa kila nyumba, mwenye fimbo ya mkwaju na uji wa moto. Toa m moja, sema Mama Kali, na sarufi itamtoa katika kundi la watu. Kali bila kiambishi hakisemwi juu ya binadamu. Husemwa juu ya jua, homa, njaa, baridi, dawa. Kwa tofauti ya herufi moja mama amehamia upande wa vitu visivyobishwa. Mfasiri atajaribiwa airudishe m, ili mistari isikike kwa Kiswahili safi, na kila atakapoirudisha mungu atapungua akawa mwalimu wa shule. Akiiacha, wasomaji watadhani ni kosa la mpiga chapa.

Wabengali hawasemi Mama, husema Ma, na wakilitaja jina lote kwa pumzi moja husema Ma Kali. Mtu wa Kikole akilisikia, atasikia makali. Hatawaza zama wala weusi. Atawaza panga lake lililoegemezwa ukutani, ambalo ubapa wake ameushika mara elfu bila kuumia. Na upande ule mwingine, anapotaka kujua kama unakata, huupima kwa kidole gumba, polepole, akiupitisha kwa mkato, kamwe si kwa urefu.